Mstari wa Fundi Kinyanjui

Watu waliokaa Kwa Mbao wakilitaja jina la Simeon Kinyanjui hushusha sauti, kisha husema neno moja tu: alituuza. Nimewasikia wakisema hivyo sokoni, kanisani, hata kwenye matanga, na nikanyamaza. Sasa nimechoka kunyamaza. Atakayekasirika na akasirike, maana wa kwanza kumkasirikia Kinyanjui nilikuwa mimi, na hasira yangu ndiyo iliyofanya ubaya kuliko ya wote.

Kinyanjui alikuwa fundi wa mawe. Alifika Eldoret kutoka upande wa Murang'a akiwa kijana, na mwiko mmoja na nyundo ya kuazima. Mimi na mume wangu Otiende tuliponunua ploti yetu Kwa Mbao, chini ya kiwanda cha kupasua mbao, karibu na mto Sosiani, tayari alikuwa amejenga nusu ya mtaa ule. Yetu pia aliijenga yeye. Alinicheka sana kwa sababu ya jiko nililotaka.

"Mama Maximilla, hii jikoni ni ya kupikia watu wa harusi kila siku?"

"Jenga, Baba Wamucii. Nikikosa wa harusi nitakualika wewe."

Alilijenga vile nilivyotaka, na siku ya kuhamia alikuja na mkewe Waceke wakala humo humo mpaka wakashindwa kuinuka. Tulikuwa majirani wa namna hiyo. Mimi nilishona nguo, na sare za shule za binti yao Wamucii nilizishona mimi. Otiende alikuwa karani katika kiwanda cha nguo, mtu wa kalamu na maneno, na jioni hao wawili walikuwa hawaachani.

Katika kazi yake Kinyanjui alikuwa na ugonjwa mmoja. Hakuliamini jicho la mtu, hata lake. Alikuwa na mpira mrefu wa kupitisha maji, ule mweupe unaoonyesha maji ndani yake. Mtu mmoja anashika ncha moja kwenye kona hii ya nyumba, mwingine anashika ncha ya pili kwenye kona ile, na maji yakishatulia huku na kule yanakuwa kimo kimoja. Hapo ndipo Kinyanjui alipopiga alama. Ukimwambia ukuta unaonekana sawa, alikukata kauli: "Sikukuuliza macho yako inasema nini." Nimemwona akibomoa mistari minne ya mawe ya mteja aliyekwisha kuridhika, kwa sababu upande mmoja ulikuwa umelala kwa upana wa kidole. Tulimcheka. Tulijivunia pia, kwamba nyumba zetu zilijengwa na mtu asiyejua kudanganya.

Mwaka wa 1984 ilijengwa barabara mpya chini ya mtaa wetu. Walimwaga udongo wakainua tuta refu kuliko paa zetu, na chini ya tuta lile wakapitisha mto kwenye kalvati moja, moja tu, ambalo kondoo angepita akiwa ameinama. Kinyanjui alilitazama siku nzima. Jioni akaja kwetu.

"Otiende, hiyo shimo ni ndogo. Mto ikija na nguvu, itarudi kwetu."

Otiende aliandika barua. Aliandika vizuri, kwa heshima zote, akaipeleka ofisini kwa mkono wake. Hatukujibiwa. Mwezi uliofuata chifu alikutana na Otiende njiani akamwambia kwamba siku hizi watu wanaopenda kuandika barua wanaangaliwa. Alilisema akitabasamu, kisha akamuulizia watoto.

Mvua ya mwaka uliofuata ilianza Machi na haikukata. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Mei, saa nane mchana. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, nikaona kitu ambacho nilidhani ni macho yangu. Mto ulikuwa unarudi nyuma. Maji hayakutoka juu kama mafuriko tunayoyajua, yenye kelele na magogo. Yalitoka chini, upande wa tuta, yakipanda polepole kama unga ulioumuka, bila sauti. Kuku walisimama wakiyatazama. Nilipowaita watoto yalikuwa yameshafika mlangoni, na tulipofika juu kwa Kinyanjui, nilipogeuka, dirisha la jikoni kwangu lilikuwa limebaki nusu.

Nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa katika mtaa. Maji yalipanda mpaka hatua chache kutoka kwenye kona ya nyumba ile, yakasimama. Watu thelathini na zaidi tulikaa humo siku mbili, tukitazama paa zetu. Waceke alipika mpaka unga ukaisha.

Maji yaliposhuka yalituachia matope hadi magotini, kuta zilizopasuka, na cherehani yangu ikiwa imejaa tope ndani ya gurudumu. Sakafu zilikuwa zimeinuka. Nyumba tano za udongo zilikuwa zimelala kabisa.

Juma lililofuata D.O., mkuu wa tarafa, aliitisha baraza. Alisimama juu ya lori, chifu kando yake, na nyuma yao mtu mmoja aliyevaa koti la kijivu ambaye hatukumjua. Tuliambiwa tuje na kadi za chama, tukaja nazo. D.O. alitupa pole. Akasema serikali iko nasi. Akauliza kama kuna swali, kwa namna ile ya kuuliza inayotaka watu wapige makofi waende nyumbani. Otiende akainua mkono. Nilimvuta shati, hakunisikia.

"Bwana D.O., tunataka kujua kama serikali itatulipa hizi nyumba."

"Serikali haikuleta mvua, mzee."

"Mvua hapana. Lakini tuta ni ya serikali. Hizi nyumba kanjo ilipitisha plan zao. Kodi ya ploti tunalipa kila Januari. Tulisema hiyo kalvati ni ndogo. Sasa kama mtu amekufungia mto kwa mlango, si akulipe?"

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu wa koti la kijivu aliandika kitu kwenye kijitabu. D.O. hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia baridi. Alimtazama Otiende akatabasamu.

"Mzee ameongea vizuri. Serikali ni mzazi. Lakini nikisema tutalipa, kila mtu atasema kwake maji ilifika kwa dari. Nileteeni ushahidi. Nionyesheni maji ilifika wapi, nyumba kwa nyumba. Tukishajua hivyo, hiyo maneno ya fidia itaangaliwa."

Hapo ndipo Kinyanjui alipotoka katikati ya watu, kofia mkononi.

"Hiyo ushahidi nitaweka mimi," alisema. "Na haitakuwa na makosa."

Makofi yalipigwa sasa. Mimi nilipiga kuliko wote.

Shida ilikuwa kwamba watu wengi walikwisha kusugua kuta zao, na wengine walikuwa wamepaka chokaa, maana hakuna anayependa kukaa na tope la mto ukutani. Kwangu alama ilikuwa bado, imekauka chini kidogo ya kizingiti cha juu cha dirisha. Kinyanjui akaifanya hiyo kuwa mwanzo. Alileta mpira wake, Otiende akashika ncha moja kwenye alama ile, yeye akaenda na ncha ya pili mpaka ukuta wa jirani. Maji yakatulia, akapiga mstari kwa rangi nyekundu ya sakafu, ile isiyotoka. Kutoka hapo wakahamia nyumba ya pili, na ya tatu. Siku tatu nzima waliuzungusha mpira ule mtaani, wanaume wawili wenye mvi wakiitana juu ya paa, "Imetulia?" "Bado. Ngoja. Sasa."

Wangari, aliyekuwa akiuza maziwa, alimwomba amwinulie mstari kidogo tu, ufike kwenye linta juu ya dirisha. Alimwahidi maziwa ya mwezi mzima.

"Mama, maji haikufika hapo," Kinyanjui alimwambia, na akaendelea na kazi.

Lakini ukweli wake ulikata pande zote mbili. Upande wa juu zilikuwapo nyumba sita ambazo maji hayakuingia ndani. Wenyewe hawakuwa wamedai chochote. Kinyanjui aliweka mpira, akaona kwamba maji yaligusa jiwe la msingi kwa inchi mbili, na akapiga mstari kwenye jiwe lile. "Yaligusa," alisema. Watu hao walishukuru sana. Walidhani amewaingiza kwenye fidia.

Mwisho walifika kwake. Otiende alinisimulia baadaye. Waliweka ncha ya mpira kwenye kona ya nyumba ya Kinyanjui, na kimo cha maji kikawa chini ya ardhi, hatua tatu kabla ya ukuta. Otiende akamwambia apige tu mstari, nani ataona, naye amelisha mtaa mzima siku mbili. Kinyanjui akakunja mpira wake. Jioni ile alichora karatasi yenye nyumba zote, kila moja na kimo chake kwa futi na inchi, akatia sahihi. Nyumba yake haikuwamo. D.O. aliipokea karatasi ile kwa mikono miwili.

Tukangoja. Juni ikapita. Tulilala kwenye sakafu zilizopasuka tukijua kwamba tumejitetea vizuri.

Mwezi wa Julai walikuja wapima ardhi watatu na chombo chao cha miguu mitatu. Hawakusalimia mtu. Kinyanjui alikwenda kuwatazama, kama fundi anavyopenda kutazama kazi ya mwingine, na akarudi amefurahi.

"Hawapimi upya," alituambia. "Wanafuata mstari yangu. Wameona iko sawa."

Siku ya pili hakuwa amefurahi tena. Walikuwa wanapigilia vigingi vya chuma, na vigingi vile vilifuata kimo cha mstari wake kama uzi, kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Aliwauliza ni vya nini. Mmoja akamwambia amuulize aliyewatuma.

Tangu hapo mambo yalianza kukaa vibaya, moja baada ya jingine, bila mtu kusema lolote. Chifu aliacha kupita njia yetu. Mtu wa koti la kijivu alionekana mara mbili akinunua sigara dukani, na hakuwa mvutaji. Nilikwenda kanjo, ofisi za manispaa, kulipa kodi ya ploti iliyokuwa imechelewa kwa ajili ya mafuriko, na karani, kijana niliyemshonea suti ya harusi, akanirudishia pesa zangu bila kuninyanyulia macho. "Hiyo namba siwezi kuandikia risiti, Mama." Nikamuuliza kwa nini. Akaita mtu aliyefuata. Miaka yote nimelalamikia kodi ile, lakini siku hiyo nilitamani ichukuliwe.

Kinyanjui alikonda. Waceke aliniambia kwamba analeta chakula mdomoni anakirudisha. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya ukuta wangu, amegusa mstari wake kwa kidole, midomo inamcheza.

Baraza la pili lilikuwa Agosti. Askari walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. D.O. alisoma barua. Nyumba zote zenye alama nyekundu zimethibitishwa kuwa ndani ya njia ya mto. Aliyejenga ndani ya mto hawezi kulipwa na serikali kwa sababu mto umemfikia. Kwa usalama wa wananchi wenyewe nyumba hizo zitaondolewa, na wenyewe wamepewa siku kumi na nne. Nyumba sita za juu zikasomwa pia, moja moja, zile zilizoguswa inchi mbili.

Kisha akakunja barua akasema, kwa sauti ya kirafiki kabisa, "Na serikali inamshukuru fundi Kinyanjui. Yeye ni mwananchi mwema. Bila yeye kazi hii ingetuchukua mwaka."

Watu waligeuka wakamtazama. Nami niligeuka. Alikuwa amesimama na kofia yake mkononi, mdomo wazi, na Waceke alimshika mkono kama mtu anayeshika kipofu. Otiende akapaza sauti kwamba tuta ndilo lililo ndani ya mto, si sisi. Hakumaliza. Kesho yake walikuja kumchukua kwenye meza ya kazi, na wakakaa naye siku tatu. Sijui walimfanya nini, maana hakuniambia hata alipokuwa anakufa. Alirudi, akaketi, akaomba maji. Tangu siku hiyo hakuandika barua hata kwa ndugu zake.

Nilihitaji mtu wa kumchukia. D.O. alikuwa na askari. Kinyanjui alikuwa na nyumba nzima, isiyo na alama, juu ya mtaa wetu, na shukrani za serikali. Watu walianza kusema kwamba walipanga tangu mwanzo, kwamba ndiyo sababu aliruka nyumba yake. Nilijua si kweli. Nilijua vizuri kuliko wote, maana Otiende alikuwa ameshika ncha ya pili ya mpira. Lakini mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti hasemi, na moyo wangu ulikataa kujua.

Jumapili ya mwisho, Kinyanjui na Waceke wakiwa kanisani, nilichukua mkebe wa rangi aliouacha kwangu, nikapanda kwake mchana kweupe. Nilichovya brashi nikaburuta mstari kwenye ukuta wa mbele, kutoka kona hadi kona. Sikupima kitu. Upande mmoja ulianzia chini ya dirisha, na ulipofika upande wa pili ulikuwa karibu na goti. Nikarudi nyumbani nikaosha mikono kwa mafuta ya taa.

Waliporudi kutoka kanisani waliuona. Waceke alilia. Kinyanjui hakusugua, hakumuuliza mtu.

Trekta lilikuja Jumatano asubuhi, na kundi la askari wa kanjo wenye nyundo. Walianza chini. Yangu ilikuwa ya saba. Lile jiko kubwa lilisimama kwa muda baada ya vyumba kuanguka, halafu likaenda. Nilikuwa nimekaa juu ya godoro barabarani na watoto, Otiende kando yangu, na nilikuwa nikitazama juu.

Walipofika kwa Kinyanjui msimamizi alisimama. Alitazama mstari, akatazama karatasi yake, akaipindua.

"Mzee, hii yako haiko kwa list. Na hii alama ni ya aina gani, imelala hivi? Ni nani amechora?"

Sote tulisikia. Kinyanjui alitoka mlangoni. Aliutazama mstari ule, yeye aliyebomoa kuta za watu kwa upana wa kidole, akautazama kuanzia dirishani hadi gotini. Karatasi yenye sahihi yake ilikuwa mkononi mwa msimamizi. Kinyanjui alihitaji kusema neno moja tu, na lilikuwa la kweli.

Alitazama chini, mahali tulipokuwa tumekaa na magodoro yetu.

"Ni mimi," akasema. "Nilisahau kuandika."

"Wewe fundi? Unachora hivi?"

"Siku hiyo mkono ilikuwa mgonjwa. Fanyeni kazi yenu."

Waceke alitoa sufuria na Biblia. Vitu vingine havikuwahi.

Mtu akiniuliza leo kama serikali ilipaswa kutulipa, namjibu ndiyo, bila kufikiria. Tuta lilikuwa lao, kalvati lilikuwa lao, na kodi walikula. Lakini nyumba ya Simeon Kinyanjui haikuangushwa na tuta wala na D.O. Niliiangusha mimi, na hakuna baraza lililowahi kuitishwa niulizwe fidia yake.

Walihamia Ainabkoi, sisi tukapanga chumba Yamumbi. Miaka mitatu baadaye nilimfuata. Nilimkuta akirekebisha ngazi ya duka la mtu, amezeeka, na alinikaribisha kwa mikono yenye simiti. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yalitoka machache.

"Baba Wamucii, ule mstari wa nyumba yako niliuchora mimi."

"Najua. Rangi ilikuwa inadondoka kwa njia mpaka kwa mlango yako. Nilifunika na mchanga kabla watu hawajaona."

Nikaketi kwenye ngazi ile mbichi, na hakunikataza.

"Kwa nini hukumwambia yule mtu?"

Alifuta mwiko wake kwa kitambaa, upande mmoja, kisha wa pili.

"Ningemwambia wangeniachia nyumba, Mama Maximilla. Ningekaa pale na nani?"